Nywele za mtoto chotara: shule inataka mistari, msusi anasema zinateleza

Mama Laila, Kigamboni

Salaam ndugu zangu. Naomba ushauri kuhusu nywele za binti yangu mwenye umri wa miaka 5, ambaye baba yake ni Mjerumani. Nywele zake si za singa wala si za kipilipili: utosini zina mawimbi mapana yaliyolegea, ilhali kisogoni zimejikunja kiasi kwamba kitana hakipiti, na kila unywele ni mwembamba kuliko wangu. Shule yake inaruhusu nywele zilizosukwa mistari tu, kwa hiyo kila mwisho wa wiki nampeleka saluni, ambako msusi hulalamika kwamba zinateleza, kisha huikaza mistari mpaka mtoto analia, na kesho yake vipele vyeupe vimeshajitokeza kwenye panja. Nyumbani tunatumia maji ya kisima yenye chumvi, na kila ninapomwosha, nywele hukauka na kukakamaa kama makumbi. Nampaka mafuta mgando, lakini hubaki juu juu na kushika vumbi. Mama yake mkubwa anashauri nimwekee dawa ili zilainike, jambo ambalo silitaki. Je, nimwoshe kila baada ya muda gani, nimpake nini, na nitimize vipi masharti ya shule bila kumtesa?

Msusi wa Ngamiani

Pole sana, mama. Mara nyingi nywele za aina hiyo huteleza kwa sababu msusi amezinyoosha kwanza kwa drayari na kuzipaka mafuta mengi, halafu anashangaa kwamba hazishikiki. Mwombe asizipitishe drayari kabisa, azisuke zikiwa na unyevunyevu na jeli kidogo tu kwenye njia, na aanze kila mstari kwa kushika nywele chache huku akiziacha nje zile nywele za malaika za pembeni mwa uso, kwani hizo ndizo hung'oka kwanza. Mistari 6 au 8 minene inatosha kwa kichwa cha mtoto, na hakuna mwalimu atakayekataa. Nchani afunge kwa kibanio kilichovishwa kitambaa, si kwa rababendi tupu inayokata nywele.

Kabla hujamlipa msusi, mtazame mtoto usoni. Ukiona nyusi zimepanda, au ngozi ya kipaji inang'aa kwa kuvutwa, mistari ifumuliwe pale pale, hata kama kuna wateja wanasubiri. Kusuka kila wiki pia ni kumchosha bure. Mistari hiyo inaweza kukaa siku 10 hadi wiki 2, lakini isizidi hapo, kwa sababu nywele zinazong'oka zenyewe kila siku hubaki zimenaswa ndani na kujifunga mafundo kwenye shina.

Baba wa Mapacha, München

Mama Laila, mke wangu ni Mjerumani na kazi ya nywele za watoto wetu ni yangu, na huku nako maji ni magumu kwa chokaa, hivyo naelewa unachokisema. Nywele zilizojikunja hukauka upesi kwa sababu mafuta yanayotoka kichwani hayateremki kwa urahisi kwenye unywele wenye kona nyingi, na kila kona ni mahali unywele unapoweza kukatika. Ndiyo maana huwa sizichani zikiwa kavu, hata siku tukiwa tumechelewa.

Kuosha mara moja kwa wiki, au kila unapofumua mistari, kunatosha, na shampuu iishie kichwani bila kusuguliwa hadi nchani. Baada ya hapo paka kondishena kwa wingi, gawa nywele mafungu manne, tenganisha mafundo kwa vidole, kisha pitisha kitana chenye meno mapana kuanzia nchani ukipanda taratibu kuelekea kwenye shina. Kisogo kipe muda wake, maana hapo ndipo panapojikunja zaidi, na usidhani kwamba kinachofaa utosini kitafaa na huko. Maji ya mwisho ya kusuuzia yawe ya mvua au ya bomba, hata kama ni ndoo moja uliyoiweka akiba. Wapo wanaosuuza kwa siki iliyozimuliwa. Kwa mtoto mdogo mimi siipendi, kwa sababu ya macho.

Kuhusu mafuta, mafuta mgando hayaleti unyevu, yanaufungia tu kama upo, na hapo kwako hakuna cha kufungia. Mafuta ya nazi ni bora, hasa yakipakwa saa moja kabla ya kuosha, kwa kuwa huingia ndani ya unywele na kupunguza uharibifu wakati wa kuosha. Ya nyonyo ni mazito mno kwa nywele nyembamba.

Mama Laila, Kigamboni

Nawashukuru nyote. Nimefumua mistari jioni hii na nimeona jambo jingine: nyuma ya sikio la kushoto pana duara lenye ukubwa wa sarafu, lina magamba, na nywele zake zimekatika karibu kabisa na ngozi. Je, ni kuvutwa huko huko?

Nesi wa Zamu

Dada, vipele vya kwenye panja vinalingana na kuvutwa, na vikiachwa kupumzika mapema nywele hurudi. Kuvutwa kwa miaka ndiko kunakoacha kovu lisiloota tena. Hilo duara lenye magamba, hata hivyo, linafanana zaidi na mapunye, ambayo ni fangasi na hayaponi kwa dawa ya kupaka peke yake. Mtoto huhitaji dawa ya kumeza, kwa mfano griseofulvin, ambayo kwa kawaida hutumika wiki 6 hadi 8 kwa kipimo kinachofuata uzito wake, kwa hiyo usinunue dukani kwa kukisia. Vitana na vibanio vyake visitumiwe na mtu mwingine, na watoto wenzake wa nyumbani wakaguliwe vichwa. Ile dawa ya kulainisha nywele iliyopendekezwa na mama yake mkubwa isimguse, kwa sababu ni kemikali inayoweza kuunguza hata ngozi nzima, sembuse iliyokwisha kuchubuka.

Mama Laila, Kigamboni

Nitampeleka kituo cha afya kesho asubuhi. Je, nimsuke kwanza ili aende akiwa nadhifu?

Nesi wa Zamu

Hapana, aende akiwa amefumuliwa, na usimpake mafuta wala kirimu yoyote asubuhi hiyo, kwa maana huenda wakakwangua magamba kidogo ili kuyapima kwenye hadubini. Waombe pia wakuandikie barua fupi ya kuipeleka shuleni, ili asilazimishwe kusuka mpaka atakapopona.