Shotgani haitoi ganda, kiwanda kinanitumia matangazo

Wakuu habari, nipo Kongwa, nina shotgani ya leseni ya kulindia mahindi, maana nguruwe pori huku hawana adabu. Sasa ukishapiga, ganda la risasi halitoki mpaka ulichokonoe. Kiwanda kipo Uturuki, nimewaandikia imeili weee, jibu "asante kwa kutuchagua" na picha ya toleo jipya, yaani hii haijapona wananiuzia nyingine! Nifanyeje?

Chamwino_1: Pole mkuu. Achana na kiwanda, mbane aliyekuuzia, risiti si unayo? Na ukichokonoa hakikisha haina risasi nyingine ndani.

mzee wa zabibu: Matangazo yao jamaa kavaa gwanda anaruka matope, sisi wakulima tunataka spea tu. Mimi waliniambia niagize mwenyewe mtandaoni, kipuri cha bunduki nakiagizaje kama kava la simu jamani, bila kibali si naishia ndani

Kibaigwa Boy: Usimpe fundi wa kuchomelea. Sheria ya silaha ya 2015 inataka fundi mwenye leseni, anzia polisi hapo wilayani. Chemba, pale risasi inapokaa, umesafisha? Kutu nayo hung'ang'aniza ganda

Mleta mada: Nimesafisha, bado. Duka lipo Dar, ngoja niwapigie kwanza maana nauli hawanirudishii.