Pakia.py inakufa, lakini skripti iliyoizindua inatangaza kwamba kazi imekwisha

Swali, kutoka Mbale

Ndugu zangu, habari za kazi. Ninatunza hesabu za chama cha wakulima wa kahawa wa miteremko ya Mlima Elgon. Kila jioni skripti yangu ya Python, kuu.py, hujiendesha kwa ratiba na kuzindua pakia.py, ambayo husoma kilo zilizopimwa na kuziingiza kwenye hifadhidata. Nimeandika hivi:

```
try:
    subprocess.run(["python3", "pakia.py"])
    print("Kilo zimepakiwa")
except Exception:
    print("Kuna kosa")
```

Juzi karani aliandika 47,5 badala ya 47.5. Pakia.py iliangushwa na ValueError (kosa la Python la thamani isiyofaa) katikati ya orodha, lakini kumbukumbu zikaonyesha "Kilo zimepakiwa", na wakulima waliokuwa chini ya mstari huo hawakulipwa. Kwa nini except haikunasa kosa hilo?

Jibu, kutoka Gulu

Pole sana, ndugu. Except yako ni nzima, ila inangoja mahali ambapo kosa halifiki. Subprocess.run huanzisha mchakato mwingine (mtoto) wenye kumbukumbu yake ya RAM, kwa hiyo ValueError iliyozuka humo huishia humo humo, na kinachomrudia mzazi, yaani kuu.py, ni msimbo wa kutoka tu: 0 ikiwa kazi imeisha salama, 1 ikiwa Python imeangushwa na kosa lisilonaswa. Msimbo huo ulirudi, nawe hukuusoma. Hata ungekosea jina la pakia.py, except isingeamka, kwa sababu python3 ingeanza vizuri, ikakosa faili, ikatoka na 2.

```
try:
    subprocess.run([sys.executable, "pakia.py"],
                   check=True, capture_output=True, text=True)
except subprocess.CalledProcessError as kosa:
    print(kosa.returncode, kosa.stderr)
    sys.exit(1)
```

Check=True hugeuza msimbo wowote usio 0 kuwa CalledProcessError, na capture_output, iliyopo tangu Python 3.7, hukuhifadhia maelezo ya kosa ndani ya kosa.stderr. Sys.executable huhakikisha kwamba mtoto anaendeshwa na Python ile ile ya mzazi.

Jibu, kutoka Kampala

Naunga mkono, lakini ikague pakia.py yenyewe pia, maana ikiwa ndani yake kuna except inayochapisha ujumbe kisha ikaendelea, itatoka na 0 na check=True haitakusaidia lolote. Ukiona msimbo hasi kwenye Linux, kwa mfano -9, ujue mchakato umeuawa kwa ishara ya mfumo, mara nyingi kwa sababu ya upungufu wa RAM, na hutapata maelezo yoyote kwenye stderr.

Mimi binafsi ningeiacha subprocess. Skripti zote mbili ni zako na ni za Python: weka kazi ya pakia.py ndani ya funksheni, uiingize kwa import, na kosa litapanda hadi kwenye except yako kama ulivyotarajia. Vilevile ingiza orodha nzima kwa muamala mmoja, ili mstari mmoja ukikataa, usibaki na nusu ya wakulima.

Muulizaji, kutoka Mbale

Nashukuruni sana. Nimelirudisha faili lile lile la juzi, na sasa kumbukumbu zinasema:

```
ValueError: could not convert string to float: '47,5'
```

Muamala nimeuweka leo hii. Import nitaijaribu baada ya malipo ya wale waliorukwa.