Mwanaume anayevaa kike ajitahidi kiasi gani?

Swali: Ndugu zangu, kwa mwanaume anayevaa kike mara mojamoja, je, inambidi ahangaikie kila kitu hadi mwendo, au gauni na wigi vinatosha?

Jibu: Kwangu kazi ni kivuli cha ndevu, ambacho hubaki hata baada ya kunyoa, hukipaka kwanza rangi ya chungwa, ndipo nikaweka fandesheni na poda. Kidevu pekee hunila nusu saa.

Jibu: Uso ni mwanzo tu. Katika kabuki, maigizo ya jadi ya Japani, ambako wanawake walipigwa marufuku jukwaani mwaka 1629, wanaume wanaoigiza wanawake hujifunza kutembea magoti yakiwa yameshikana na mabega yakivutwa nyuma na chini, ili yaonekane membamba.

Jibu: Tena Yoshizawa Ayame, mwigizaji wa kabuki aliyeigiza wanawake na aliyefariki mwaka 1729, alitaka mwanaume anayeigiza mwanamke aishi kike hata nje ya jukwaa. Mimi, ndugu, gauni linanitosha.