Naomba ushauri: harusi iko Cape Town, mratibu niko Dodoma

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Naratibu harusi hapa Dodoma. Rafiki yangu wa tangu sekondari anaishi Cape Town na anafunga ndoa na mwanamke mwenzake. Afrika Kusini inaruhusu tangu 2006. Anataka nishone sare za vitenge za wageni 40, na mapambo niyapange kwa simu. Ni kama dada kwangu, natamani siku yake ipendeze. Ila Sheria yetu ya Ndoa ya 1971 inatambua mume na mke tu. Juzi fundi kashika kitambaa kauliza, "Nidarizi majina gani?" Nikanyamaza. Mwanasheria niliyempigia hajanipa jibu.

Je, kazi ya sherehe ya huko inaweza kuniletea matatizo hapa? Na mkataba wa malipo ya awali tuuandikeje?