Msaada wa haraka: dawa ya magugu kwenye mahindi, nataka kupiga kesho asubuhi

Mkulima Chipukizi
Wakuu habari zenu, naombeni ushauri maana hapa kichwa kinaniuma. Mahindi yangu yamefika magotini na magugu yamenizidi nguvu, mvua haikatiki, na vibarua wa palizi kila ninayempigia ananiambia yuko kwenye shamba la mtu mwingine. Nimeshachukua 2,4-D na atrazini. Swali langu ni moja tu, kwenye bomba la kupulizia la lita 20 niweke vifuniko vingapi, na je naweza kuzichanganya zote mbili? Kesho alfajiri nataka niingie shambani. Atakayejibu mapema Mungu ambariki.

Mzee wa Palizi
Kijana shika jembe. Sisi tumelima miaka yote hakuna cha atrazini wala nini na tumesomesha watoto. Hiyo atrazini unayoishangilia Umoja wa Ulaya waliikataa tangu 2004 kwa sababu ilikuwa inaonekana kwenye maji ya ardhini, wewe unataka kuimwaga juu ya kisima chako mwenyewe. Vijana wa siku hizi mnataka shamba lijilime.

Bi Mkubwa Shamba
Mzee wangu shikamoo, vibarua hawapatikani na mvua haimsubiri mtu, tusimlaumu. Mimi nimekuja kumwonya kuhusu bomba tu. Shemeji yangu alipiga 2,4-D kwenye mahindi, akasuuza bomba mara moja juujuu, wiki iliyofuata akaweka dawa ya wadudu kwenye bomba lilelile akapulizia nyanya. Mwanangu, nyanya zilijikunja zote, majani yakawa membamba yamechongoka kama ya mmea mwingine kabisa. Akadhani ni ugonjwa wa virusi, akaongeza dawa nyingine, akaongeza tena, mpaka shamba likaisha ndo akaambiwa ni mabaki ya bomba. Tangu siku hiyo kwetu bomba la magugu lina alama ya rangi nyekundu na halishiki kazi nyingine.

Shambani Daima
Mkuu kabla ya vifuniko jibu haya kwanza. Magugu yako ni ya majani mapana, ni nyasi au ni ndago? Yana ukubwa gani? Na shamba lina mahindi peke yake au kuna zao lingine humo?

Mkulima Chipukizi
Asante mkuu. Magugu ni mchanganyiko, mengi ni majani mapana na nyasi zipo kiasi, ndago ziko upande wa bondeni. Mengine yamefika kwenye kifundo cha mguu. Udongo ni mzuri mweusi unashika maji. Nisaidieni kipimo tu wakuu, muda unakwenda.

Fundi Nozo
Nozo gani unatumia, yaani ile ncha inayotoa dawa? Watu wengi wanapiga dawa ya magugu na ile nozo ya duara ya kupigia wadudu, matone yanakuwa madogo mno, upepo ukivuma kidogo dawa ishafika kwa jirani. Tafuta nozo ya feni, pressa iwe ndogo, shikilia chini. Hilo watu wanalipuuza alafu wanalaumu dawa.

Shambani Daima
Mkulima Chipukizi swali la tatu umeliruka. Mahindi peke yake?

Mkulima Chipukizi
Mkuu kuna maharage kidogo katikati ya mistari. Lakini sio mengi, na mahindi ndo zao lenyewe, maharage ni ya mke wangu alipanda tu ili ardhi isikae bure. Na dawa nimeshanunua, aliyeniuzia aliniambia hii inachagua, haigusi mazao. Nina mpango wa kushusha nozo chini nisiguse maharage. Kwa hiyo turudi kwenye kipimo.

Kicheko cha Jioni
Hahaha kwa hiyo unataka dawa inayojua hili gugu, hili haragwe la shemeji, niliruke 😂

Shambani Daima
Hapo ndipo penyewe. Dawa "inayochagua" haichagui kati ya zao na gugu, inachagua kati ya aina za mimea. 2,4-D inaiga homoni ya ukuaji ya mmea. Mahindi ni jamii ya nyasi, yanaweza kuivunja kabla haijayadhuru, ila mmea wa majani mapana unakua hovyo mpaka unajimaliza. Na haragwe ni mmea wa majani mapana sawasawa na hayo magugu. Atrazini nayo mahindi yanaivunja, maharage hayawezi, na inaweza kukaa kwenye udongo ikadhuru mpaka maharage ya msimu unaofuata. Halafu atrazini kwa mahindi yaliyopita sentimita 30 au hivyo haifai tena, magoti yako ni zaidi ya hapo. Yaani chupa mbili ulizonazo zote mbili ni adui wa maharage, na moja umeshachelewa nayo.
Usije pia ukakimbilia zile za kuua nyasi, kama fluazifopu au kletodimu. Hizo zinaacha maharage salama na zinaua mahindi.
Kwa mseto wa mahindi na maharage iliyopo baada ya kuota ni bentazoni, mazao yote mawili huivumilia, lakini hakikisha lebo inayataja yote mawili. Inaua majani mapana yakiwa bado madogo, majani mawili mpaka manne, na maharage yawe yameshafungua jani la kwanza lenye vijani vitatu. Nyasi haizigusi. Gugu lililofika kwenye kifundo cha mguu litacheka tu. Kwa hiyo kwako palizi ya mkono haikwepeki upande wa maharage.

Mkulima Chipukizi
Sasa mkuu ukisema palizi unanirudisha nilikotoka, vibarua hakuna ndo maana nikaja hapa. Na hii yangu ni 2,4-D ya chumvi ya amini, sio ile ya esta inayoruka na mvuke. Jioni hii upepo ulitulia nikapiga mistari ya pembeni kuona, mahindi hayana shida yoyote.

Mpita Njia
Samahanini ila huu uzi mimi siuamini. Mwanzo alisema atapiga kesho alfajiri na hajui hata vifuniko vingapi, sasa ameshapiga jioni. Mtu asiyejua kipimo anajua tofauti ya amini na esta? Huyu ni muuza dawa anatafuta watu wataje bidhaa, au anatunga apate wachangiaji. Na mke ndo mwenye maharage, hadithi tamu kweli.

Kicheko cha Jioni
Hata mimi nilishaanza kuwaza hivyo.

Bi Mkubwa Shamba
Hata kama ametunga, kuna mwenzetu anasoma kimyakimya na ana maharage kwenye mahindi. Tuendelee.

Mkulima Chipukizi
Mpita Njia amini imeandikwa kwenye lebo, najua kusoma. Nilipiga kwa sababu upepo ulitulia na kesho mvua inatabiriwa, hakuna hadithi hapo. Nimetoka shambani sasa hivi na tochi. Maharage ya mstari wa pembeni vikonyo vimepinda kuelekea chini, jani limegeuza mgongo, na shina kwenye kifundo limejisokota. Yale ya katikati ambayo sikuyapiga yamesimama wima. Magugu nayo yamelegea hivyohivyo. Sijui niseme nini kwa huyu mwanamke asubuhi.

Shambani Daima
Mpita Njia hiyo haitungwi. Kikonyo kupinda na shina kujisokota saa chache baada ya kupiga ni 2,4-D kabisa. Mkuu kushusha nozo hakujasaidia kwa sababu maharage yako chini hukohuko unakoshusha.
Usiendelee humo. Una sehemu yenye mahindi matupu?

Mkulima Chipukizi
Ipo, upande wa juu, maharage mbegu hazikutosha. Na kwenye bomba imebaki karibu nusu. Niimwage wapi?

Shambani Daima
Usimwage popote, sio mtaroni wala karibu na kisima. Pima kwanza. Chukua bomba lingine au hamishia hiyo kwenye chombo cha dawa chenye mfuniko na maandishi, weka maji matupu, pulizia mita 10 kwa 10 kwa mwendo wako wa kawaida. Kama zimetumika lita 2, zidisha kwa 100, ni lita 200 kwa hekta, maana yake bomba la lita 20 linamaliza sehemu ya kumi ya hekta. Lebo ikisema lita 1 kwa hekta, unaweka mililita 100. Kifuniko tupa huko, kila chupa ina kifuniko chake. Ukiona uliyochanganya inalingana na lebo, imalizie kwenye mahindi matupu, elekeza chini kwenye magugu isiingie kwenye moyo wa mmea wa mahindi, na acha mita za kutosha kabla ya kufika kwenye maharage. Subiri mvua ipite kwanza, dawa inahitaji saa kadhaa kavu, muda kamili uko kwenye lebo. Mahindi baada ya hapo shina linakuwa jepesi kuvunjika kwa siku kadhaa, usiyasukumesukume.
Glovu, buti, nguo ya mikono mirefu, shati nje ya glovu. Bomba suuza mara tatu, kila maji ya kusuuza yapulizie hapohapo kwenye mahindi.

Fundi Nozo
Na chujio la nozo litoe ulisuuze peke yake, mabaki hukaa humo.

Mzee wa Palizi
Kijana, upande wa maharage tukusaidieje? Ukipata hata watu wawili, anza na mistari ambayo maharage yanakaribia kutoa maua. Hayo ndo hayasubiri.

Mkulima Chipukizi
Sawa mzee. Mke ameshaamka, nimemwonyesha. Amesema ataita dada zake wawili na jembe tutashika wote. Ndago za bondeni zina dawa gani?

Shambani Daima
Bondeni kuna maharage?