Elimu jumuishi ya kwenye makaratasi: mnatuambia tuwalete watoto shule, halafu hakuna anayewafundisha

Wakuu, salaam kwenu. Wasimamizi naomba uzi huu wa elimu jumuishi, yaani watoto wenye ulemavu kusoma shule za kawaida pamoja na wenzao, msiuunganishe na nyuzi za elimu bure, hili ni jambo linalojitegemea.

Mimi ni mzazi wa mtoto wa miaka tisa mwenye usonji, tunaishi Dar. Nimekasirika na sioni sababu ya kuficha. Kila ikifika msimu wa kuandikisha watoto tunasikia redioni: mzazi usimfungie ndani mtoto mwenye ulemavu, mlete shule, elimu ni haki yake. Sawa. Tumewatoa ndani, tumewaleta. Mmewaandalia nini?

Shule anayosoma mwanangu siitaji, maana nikiitaja watakaobebeshwa lawama ni walimu, na wao wanapambana kuliko mtu yeyote. Ina kitengo cha elimu maalum. Kitengo chenyewe ni chumba kimoja kilichokuwa stoo ya madawati mabovu. Humo humo wamo wenye usonji, wenye mtindio wa ubongo, wenye ulemavu wa akili, na mabinti wawili viziwi ambao hawakupaswa kuwa humo kabisa. Wale mabinti wanaelewa kila kitu, wanachokosa ni mtu anayejua lugha ya alama. Mwalimu ni mmoja. Akiitwa semina au akiugua, kitengo kinafungwa na watoto wanarudishwa nyumbani. Lingerudishwa nyumbani darasa la nne zima kwa sababu mwalimu wao anaumwa, mwalimu mkuu angeandika barua ya kujieleza siku hiyohiyo. Wa kwetu wakirudishwa hakuna hata anayeuliza.

Nje ya hicho chumba kuna mwarobaini. Chini yake wanashinda kina mama, wametandika khanga, kuanzia asubuhi mpaka watoto watoke. Choo cha shule kina ngazi na mlango wake haupitishi kiti cha magurudumu, na shule haina mtu wa kuwasaidia watoto. Kwa hiyo mtoto akibanwa, mwalimu anatokeza mlangoni anaita, mama anakwenda kumbeba mgongoni kijana wa miaka kumi na moja, anapanda naye ngazi, anamsafisha, anamrudisha, anakaa tena. Mama mmoja pale alikuwa anauza vitumbua na ndiyo ilikuwa kodi ya chumba. Biashara imekufa. Hii mnaiita elimu bila ada? Ada anailipa kwa siku zake zote.

Msije mkaniambia tatizo ni sheria. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu tuliuridhia 2009. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ni ya 2010, na inasema wazi kwamba mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida, iwe ya serikali au binafsi, isipokuwa pale mahitaji ya mawasiliano yanapolazimu shule maalum, na apewe huduma saidizi na mwalimu mwenye sifa. Mikakati ya Taifa ya Elimu Jumuishi nayo inapokezana, huu wa karibuni ni wa 2021/22 hadi 2025/26. Karatasi tunazo. Waliozisaini waje wakae chini ya ule mwarobaini siku moja tu.

Tuje kwenye hela, maana hapo ndipo uongo unapokaa. Ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi ni Sh 10,000 kwa mwaka, kiwango cha tangu enzi za MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi wa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hapo Sh 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu, shuleni inafika Sh 6,000. Mtoto asiyeona anahitaji karatasi za breli, mwenye uoni hafifu anahitaji maandishi makubwa, wangu anahitaji vifaa vya picha ili aweze kusema anataka maji. Nenda dukani na Sh 6,000 uone utarudi na nini cha mwaka mzima. Najua shule maalum za bweni zina fedha za chakula, na najua vifaa hugawiwa mara mojamoja. Mimi nasema fungu la kila mwaka, linalojulikana, linalomfuata mtoto mpaka kwenye shule yake. Kenya hapo jirani mwanafunzi mwenye mahitaji maalum ana nyongeza yake juu ya ruzuku ya kawaida, na vituo vya kupima watoto walianza kuvijenga 1984. Wana matatizo yao mengi tu, lakini kanuni ya kwamba mtoto huyu gharama yake ni kubwa zaidi walishaikubali.

Huko kupima ndiko kunakoniuma zaidi. Mwanangu hajapimwa na mtu yeyote wa elimu. Alitazamwa mlangoni, wakasema huyu ni wa kitengo, basi. Nani aliyejua kama anaweza kukaa darasa la kawaida akiwa na msaidizi? Nani aliyeandika anachoweza na asichoweza? Faili lake lina jina, tarehe ya kuzaliwa na neno moja: "akili". Na cha ajabu ni kwamba dola inawajua hawa watoto vizuri ikitaka. Siku ya mtihani wa darasa la saba Baraza la Mitihani linaleta karatasi ya breli, linaleta maandishi makubwa, linaongeza muda. Kwa hiyo inawezekana. Ila miaka yote ya kabla ya hapo mtoto anajitegemea.

Halafu kuna hili la walimu, na hapa naomba mtu wa TAMISEMI, ofisi inayosimamia halmashauri, asinijibu kwamba bajeti haitoshi. Namfahamu mwalimu aliyesomea elimu maalum pale chuo cha ualimu Patandi, fani yake ni uziwi, lugha ya alama anaimwaga. Amepangwa shule ya kawaida anafundisha Kiswahili darasa lenye watoto zaidi ya mia. Ndani ya halmashauri hiyohiyo kuna kitengo cha viziwi ambacho mwalimu wake anaandika ubaoni tu na kuonyesha kwa kidole. Aliomba kuhamia huko, akaambiwa shuleni kwake kuna upungufu. Serikali imemsomesha mtu ujuzi adimu kisha ikamzuia kuutumia. Hilo linarekebishwa na barua moja ya uhamisho wa ndani.

Kwa hiyo mkakati unaofuata usiandikwe tena kwa maneno ya "kuimarisha" na "kuhamasisha". Uanze na orodha ya walimu wote waliosomea elimu maalum, wako wapi na wanafundisha nini, halafu wapelekwe kwenye vitengo. Ruzuku ya hawa watoto itengwe peke yake na ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule tuione. Kila mtoto apimwe na watu wa elimu na afya pamoja kabla ya kupangiwa darasa, na mzazi apewe nakala. Na wasaidizi waajiriwe, walipwe. Wale kina mama tayari wanaifanya hiyo kazi bure, anzeni na wao.

Wazazi wenzangu wenye watoto vitengoni, wekeni hapa hali ilivyo kwenye halmashauri zenu: walimu wangapi, vyumba vingapi, choo kikoje. Msitaje majina ya watoto. Na wewe mwalimu wa elimu maalum uliyepangwa darasa la kawaida, njoo useme umesomea nini na unafundisha nini. Nitakusanya yote nimpelekee Afisa Elimu Maalum wa kwetu kwa maandishi, nikiwa na wazazi wengine, na jibu lake nitaliweka hapahapa.