Nimeambiwa niongoze walimu wenzangu kwa hesabu za Gredi 1 hadi 3, nianzie wapi?

chaki_na_vumbi (Nakuru):
Habari za jioni walimu. Niko shule moja ya msingi upande wa Njoro, nafundisha Gredi 3. Juzi hedi ameamka akasema hakuna kungoja semina, kila Jumatano watoto wa chini wakishaenda nyumbani sisi walimu sita tukae tusaidiane na hesabu, na mwenye kuongoza ni mimi. Mimi! Ndio mdogo kuliko wote pale, kuna madam mmoja alianza kushika chaki nikiwa sijazaliwa, na ndiye aliniambia kwa upole tu "haya mwalimu, utufundishe sasa". Nyi mnajua ile upole.

Jumatano ya kwanza nikajifanya mtaalamu, nikatoa karatasi za mtaala nikaeleza nusu saa nzima. Mmoja alikuwa anamaki vitabu, mwingine yuko kwa simu, na madam akauliza kama kuna chai. Hakuna chai. Hakuna bajeti ya chochote.

Shida yenyewe ni hii, watoto wangu ukiwapa 52 toa 27 wengi wanaandika 35. Wa mwaka jana pia walikuwa hivyo hivyo. Sasa Jumatano hii niwaambie nini watu wazima wenye wamefundisha miaka mingi kuliko mimi?

nyar_ahero:
Mwalimu pole na hongera, zote mbili. Kosa lako ni moja tu, ulienda kufundisha walimu. Usiwafundishe bana. Beba vitabu vya watoto kumi hivi, funika majina, weka kwa meza, alafu uliza swali moja: huyu mtoto alikuwa anafikiria nini? Ukishauliza unyamaze, hata kama kimya kitakuwasha.

Hebu angalia hiyo 35. Mtoto hakukisia. Ameanza upande wa mamoja akaona 2 na 7, akakumbuka ile tuliwaambia wenyewe huko Gredi 1, ati huwezi kutoa kubwa kwa ndogo, basi akageuza, 7 toa 2 ni 5, alafu 5 toa 2 ni 3, ndio hiyo 35. Ana sheria yake na anaifuata vizuri sana, shida ni kwamba kwake 52 si makumi matano na mbili, ni 5 na 2 zimesimama karibu karibu kama watu kwa steji. Walimu wakifika hapo wenyewe utaona simu zinawekwa chini, kwa sababu yule wa Gredi 1 anajua ameguswa.

Kitu kingine tuligundua huku kwetu kwa mikutano kama hiyo yenu, lugha. Mtoto Mjaluo nyumbani anasema apar gachiel, yaani kumi na moja, na ishirini kwake ni piero ariyo, makumi mawili, hesabu iko wazi ndani ya jina. Akifika darasani anaambiwa ishirini, thelathini, au kwa Kizungu thatini na thati ambazo kwa sikio lake ni kitu kimoja, na hapo makumi yamepotea. Tulianza kuwaacha wahesabu vijiti kwa Dholuo kwanza, mafungu ya kumi kumi yamefungwa na mpira, ndio tukaingia kwa Kiswahili. Nakuru mko mchanganyiko najua, lakini Kiswahili pia kinasaidia kutoka 11 hadi 19, kumi na tatu inajieleza yenyewe, itumieni hapo.

mzee_mstaafu (Kakamega):
Binti yangu, nyar_ahero amesema kweli, mimi naongeza kidogo tu maana nimestaafu na wakati ninao.

SMASSE, ule mradi wa kuwanoa walimu wa hesabu na sayansi, ilipoanza 1998, serikali na Wajapani wa JICA, shirika lao la misaada, Kakamega ilikuwa kati ya wilaya 9 za majaribio. Ilianzia sekondari, hesabu na sayansi, na wengi wanakumbuka tu ugomvi wa marupurupu na vyakula. Mimi nakumbuka yale maneno manne, panga, fanya, angalia, boresha. Wajapani wana desturi yao ya miaka mingi, walimu wanapanga somo MOJA pamoja, mmoja analifundisha, wengine wanakaa nyuma wanatazama, wakitoka wanaliongelea na kulirekebisha. Mpaka leo CEMASTEA, kile kituo cha mafunzo ya walimu wa hesabu na sayansi pale Karen, Nairobi, wanaihimiza.

Lakini kuna jambo watu hukosea. Wanaotazama hawamtazami mwalimu! Kila mmoja achukue watoto watatu au wanne, akae karibu nao, aandike wanachosema na wanachofuta. Ukimtazama mwalimu mtaongea juu ya mwalimu, na mtu mzima akiongelewa anafunga mlango. Ukitazama watoto mtaongea juu ya watoto.

Na somo la kwanza liwe lako wewe. Usimwombe madam afungue darasa lake kabla hujafungua lako. Gredi 3 somo ni dakika 30 tu, si mzigo.

sina_hiyo_taimu:
Mimi nitakuwa yule mbaya. Tuna fomu za TPAD za kutathmini mwalimu, 2021 TSC, tume inayotuajiri, wakaleta TPD, mafunzo ya lazima ya kulipa 6,000 kwa mwaka kutoka mfukoni walimu wakapiga kelele, na sasa tena Jumatano za bure? Mwalimu mmoja na watoto sitini, vitabu vya kumaki hivi, alafu mtu akae "kutafakari". Na hedi siku moja ataingia na fomu ya tathmini, mark my words, hapo hakuna atakayesema ukweli juu ya darasa lake tena.

mzee_mstaafu (Kakamega):
Kwa hilo la fomu uko sawa kabisa. Hedi akija aje kama mtazamaji, apewe watoto watatu kama wengine, mikono mitupu.

nyar_ahero:
@sina_hiyo_taimu sisi hatuongezi kazi, ule muda wa kuandaa masomo ya wiki ndio tunautumia, badala ya kila mtu kunakili lake peke yake tunaandaa moja. Lakini kwa watoto sitini sina jibu, sitakudanganya.

chaki_na_vumbi (Nakuru):
Wakubwa nimerudi, wiki tatu sasa. Acha niwaambie venye ilienda.

Vitabu vilifanya kazi. Mwalimu wa Gredi 1 aliangalia ile 35 muda mrefu akasema "hii ni mimi nilisema", tukacheka, na hakuna mtu alimaki kitu siku hiyo. Tukapanga somo moja la kutoa na vijiti, nikalifundisha mimi, wao wakakaa na watoto kama mzee alivyosema. Hedi nilimwomba asubiri kidogo, akakubali, sijui kwa muda gani.

Sasa sikieni. Niko ubaoni nasema kwa nguvu "tunakopa kumi kwa jirani", najiona nimeiva. Kumbe kijana mmoja nyuma amemgeukia mwenzake akamuuliza, "na tutairudisha lini?" Mimi sikusikia. Madam ndiye alikuwa amekaa hapo, akaandika. Tulipokutana akasoma hayo maneno alafu akasema, mwalimu, miaka yote nimesema kukopa, na hakuna mtu anarudisha, watoto wanaona ni kama Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa. Si hata dukani husemi nikopee, unasema nivunjie soo, ile noti ya mia? Basi kumi ivunjwe.

Wiki iliyofuata AKAJITOLEA yeye na darasa lake. Hakubeba vijiti, alibeba sarafu, za shilingi kumi na za shilingi moja, zingine halisi zingine za karatasi. Una tano za kumi na mbili za moja, dukani unatakiwa kulipa 27 kamili. Kasichana kalikaa na zile sarafu kakahesabu zile za moja, mbili tu, kakahesabu tena kana kwamba zitaongezeka, alafu kakasukuma kumi moja mbele kakasema "vunja". Akapewa kumi za moja, zikawa 12, akalipa 7 zikabaki 5, za kumi akatoa mbili kati ya nne. 25. Hakuna mtu alikuwa amemwambia.

Bado wako wanaoandika 35, nisiwadanganye, nilihesabu juzi ni kumi na mmoja kati ya 58. Na mwalimu mmoja bado haji, anasema ana chama.

Swali lingine kwa wenye wamepitia: 402 toa 138. Madam anataka hiyo wiki ijayo, hiyo sifuri ya katikati watoto wanairuka tu kama haipo. Mnafanyaje?

nyar_ahero:
Vunja soo kwanza, ukishapata kumi za kumi vunja moja ya hizo. Lakini uwe na sarafu nyingi, na ujue dakika 30 hazitatosha, sisi ilituchukua siku tatu.

sina_hiyo_taimu:
Hizo sarafu za karatasi alizitengeneza na nini? Nauliza tu.